Ibada ya jioni, mazungumzo ya njiani, katekisimu au hadithi: ipi inafaa nyumbani kwako?

Mzazi Mkristo hana haja ya kushawishiwa kwamba fadhila hufundishwa nyumbani. Kanisani mtoto anakaa saa mbili kwa wiki, na nusu ya muda huo anachungulia dirishani. Kinachomsumbua mzazi ni namna ya kuanza: akae naye saa ngapi, aseme nini, na afanyeje ili maneno yasigeuke hotuba. Nafundisha shule ya Jumapili katika usharika wa Kilutheri, na swali hili huniletea akina mama mlangoni baada ya ibada, huyu kambeba mmoja mgongoni huku mwingine anamvuta kitenge: "Mwalimu, huyu nimfanyeje? Nyimbo zote anazijua, lakini uongo haumwishi."

Njia zinazotumika sana katika nyumba zetu ni nne: ibada ya jioni, mazungumzo ya papo kwa papo, katekisimu (mafundisho ya imani kwa maswali na majibu), na hadithi. Nitazipitisha zote kwenye kisa kimoja ili zionekane zinavyotofautiana. Mtoto wa miaka minane ametumwa dukani kwa Mangi na noti ya elfu tano, akanunue mkate na sukari nusu kilo. Vitu kavileta, ila chenji imepungua mia tano. Ukimuuliza anasema, "Mangi hana chenji, amesema kesho." Mfukoni mwa kaptula karatasi ya pipi inachungulia.

Kipimo changu ni hiki: katika njia hiyo, nani anaongea zaidi? Uaminifu au msamaha haukai kwa mtoto aliyeusikia tu bila kuusema kwa mdomo wake, kuuhoji, hata kuubishia. Biblia yenyewe inalijua hilo. Katika Kutoka sura ya 12, maelezo ya Pasaka nyumbani yanaanzia pale watoto watakapouliza maana ya ibada ile, ndipo wazazi wajibu.

Ibada ya jioni

Wengi wetu tumekulia humu. Vyombo vikiondolewa, wimbo mmoja, fungu la Biblia, maelezo ya baba au mama, sala, kulala. Wasabato, niseme ukweli, wameijenga vizuri kuliko sisi. Ijumaa jua linapozama familia inafungua Sabato pamoja, viatu vimeshapigwa rangi na chakula cha kesho kimeshaandaliwa. Na kwa kuwa huku karibu na ikweta jua huzama kwenye saa kumi na mbili na dakika zake karibu mwaka mzima, hata mtoto wa chekechea anaijua saa hiyo bila kuambiwa. Wakatoliki wana rozari, hasa mwezi wa Mei na wa Oktoba, na ile desturi ya kupokezana makumi, yaani Salamu Maria kumi kumi, inampa hata mdogo zamu yake ya kuongoza.

Nguvu ya ibada ni mazoea. Mtoto anamwona baba yake, ambaye mchana kutwa anaamrisha watu, sasa amefumba macho na kuomba asamehewe. Kwa unyenyekevu sijaona somo linalolipita hilo.

Ibada pia hukusanya watu wote wa nyumba, na hapo nina neno. Nyumba nyingi za mjini zina dada wa kazi. Kama familia inaimba sebuleni juu ya upendo huku dada yuko jikoni anasugua masufuria, watoto wameshafundishwa jirani ni nani na nani si jirani, na mfano wa Msamaria mwema wa Luka 10 utakaousoma baadaye hautafuta somo hilo. Dada aketi, achague wimbo, aombe kwa zamu yake kama wengine. Masufuria yatasubiri, na ibada ikiisha wataosha wote. Nimeona watoto wa shule ya Jumapili wanaotaja mahitaji ya dada wa nyumbani kwao katika sala bila kuelekezwa, na ukiwauliza unakuta nyumbani huwa wanasali naye.

Udhaifu wa kwanza ni saa. Anayetoka kazini Posta, katikati ya Dar es Salaam, akaelekea Mbagala au Kibaha anafika amechoka na foleni, taarifa ya habari ya saa mbili imeanza, mdogo ameshasinzia kwenye kochi. Ibada ya dakika arobaini saa tatu usiku inamfundisha mtoto wa miaka sita jambo moja tu: kwamba mambo ya Mungu yanachosha.

Udhaifu wa pili ni mbaya zaidi. Ibada hugeuka mahakama kwa urahisi sana. Turudi kwenye mia tano. Usiku huo baba anafungua Matendo sura ya 5, habari za Anania na Safira waliozuia kwa siri sehemu ya thamani ya kiwanja wakafa. Anasoma taratibu, na kila mstari anamtupia mtoto jicho. Kaka na dada zake wanajua anasemwa nani. Yule wa miaka minane hawezi kujibu, maana nani atajibizana na Biblia? Anachoondoka nacho ni hofu ya kitabu, na wazo kwamba safari ijayo karatasi ya pipi itupwe njiani.

Kwa kipimo changu, hapa mzazi ndiye anayeongea karibu muda wote. Inarekebishika. Dakika kumi zinatosha: wimbo achague mtoto, fungu liwe fupi, na badala ya maelezo liwepo swali moja lisilo na jibu la "ndiyo mwalimu". Yesu alipomaliza mfano wa Msamaria hakufafanua, alimgeuzia mwanasheria neno: "Waonaje wewe, katika hao watatu, ni yupi aliyekuwa jirani yake yule aliyeangukia kati ya wanyang'anyi?" Hayo maneno mawili, "waonaje wewe", ukiyatumia kila jioni halafu ukanyamaza kweli, ibada itabadilika. Na kesi za siku hiyo zisiingizwe humo kabisa.

Mazungumzo ya njiani

Kumbukumbu la Torati 6:7 inamtaka mzazi awafundishe watoto maneno ya Mungu "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Wengi tunausoma mstari huo kama agizo la kuwa na ibada, wakati unagusa kila saa ambayo ibada haipo.

Mama wa kisa chetu, akiifuata njia hii, hamuulizi mtoto pale pale mlangoni. Anamwita jikoni.

"Njoo baba, tuchambue mchicha."

Wanakaa mkekani, sinia katikati yao. Wanachambua.

"Kwa Mangi kulikuwa na watu wengi?"

"Hapana. Alikuwa peke yake."

"Na mia tano akaikosa."

Mtoto anakata jani, analitupia kwenye sinia pamoja na bua lake. Mama analitoa bua, hasemi kitu.

"Mama, ukisema ukweli halafu ukachapwa, si bora usiseme?"

Somo limeanza, na aliyelianzisha ni mtoto. Mama amepata kitu ambacho fungu la Anania lisingempa: chini ya udokozi kuna woga. Akiwa na busara atalijibu swali hilo kwanza.

"Ukiniambia ukweli sikuchapi. Ila hela utairudisha."

"Kwa Mangi?"

"Mangi hana deni. Hela ilikuwa yangu, deni liko kwako. Lakini Mangi umemsingizia. Kesho ningekwenda kumdai mbele za watu."

Hilo la kusingizia mtoto hakuwa ameliona. Watu wazima wengi pia hatulioni. Tunahesabu hela, tunasahau jina la mtu. Sasa wanaweza kupanga atairudishaje mia tano, kisha waombe pamoja, sala fupi, mikono ikiwa bado na maji ya mchicha.

Njia hii inafanya kazi kwa sababu ya macho. Mtoto akikaziwa macho hujibu anachodhani unataka kusikia. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye sinia, au mnapotembea bega kwa bega kutoka kituoni, ulimi unalegea. Wavulana ndio zaidi. Hasa wakianza kubalehe, sijui mahali pengine panapowafungua.

Gharama yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Inataka uwepo. Mzazi anayemwona mtoto asubuhi akiwa usingizini na usiku akiwa usingizini hana njiani pa kuzungumzia. Pia haina mpangilio: mwaka unaweza kupita mmezungumzia uongo mara mia na hamjagusa ukarimu hata siku moja, kwa kuwa tukio halikutokea.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Mazungumzo ya papo kwa papo huteleza yakawa adabu tupu. Toa shikamoo, sema asante, usidoee kwa watu, usimjibu mkubwa. Yote mema, na jirani yangu Mwislamu anawafundisha wanawe hayo hayo, tena wengine wanawapita wetu. Mkristo ana zaidi la kusema: kumsamehe hata ambaye hajaomba radhi, kumwombea anayekuonea darasani, kutoa bila mkono wa kushoto kujua. Mambo haya hayaeleweki bila kumtaja Kristo. Waefeso 4:32 inaiweka sababu wazi: tusameheane kama Mungu katika Kristo alivyotusamehe sisi. Mtoto akiambiwa tu "msamehe ndugu yako", amepewa amri. Akiambiwa pia kwa nini, amepewa kitu cha kushika siku ambayo mama hayupo.

Na njia hii inamfichua mzazi. Konda akikuzidishia chenji ukaitia mfukoni, au ukamtuma mtoto mlangoni, "mwambie baba hayupo", nayo ni mazungumzo ya familia. Yamesikika.

Katekisimu

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu kazi yake ni moja na inaifanya vizuri: kumpa mtoto maneno. Wengi wanadhani katekisimu ni kitu cha darasa la kipaimara au komunyo ya kwanza. Martin Luther alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, baada ya kutembelea sharika za Saxony, Ujerumani, na kukuta watu hawajui hata misingi ya imani, aliiandika ili baba mwenye nyumba aifundishe familia yake na watumishi wake, kwa maneno mepesi, na kila sehemu ikaja na swali la maana yake ni nini.

Kwenye mia tano, amri ya "Usiibe" katika maelezo ya Luther haiishii kwenye kukataza. Inamtaka mtu amsaidie jirani kuitunza na kuiendeleza mali yake na riziki yake. Hiyo inampeleka mtoto mbali: Mangi si mtu wa kutoibiwa tu, ni mtu ambaye duka lake tunataka lisimame. Mtoto wa miaka kumi anaelewa hilo vizuri ukimpa mfano wa siku Mangi alipowakopesha unga.

Wakatoliki nao wana mpangilio unaorahisisha kazi ya mzazi: fadhila tatu za Kimungu, imani, matumaini na mapendo, kisha nne za msingi, busara, haki, nguvu na kiasi. Ukichukua moja kwa mwezi, lile tatizo la kukosa mpangilio limepungua sana.

Tahadhari kwa ndoa za mseto: kwa Walutheri na Wakatoliki "Usiibe" ni amri ya saba, kwa Waanglikana na Wasabato ni ya nane. Nimeshuhudia ndugu wawili wakibishania hilo hadi machozi, mmoja anasoma shule ya kanisa hili, mwingine ya kanisa lile. Wafundisheni amri yenyewe, namba iwe ya mtihani.

Udhaifu unajulikana. Majibu yako tayari, hivyo mtoto anaongea sana lakini si maneno yake. Chini ya miaka saba inakuwa kasuku tu. Na kumhoji katekisimu siku aliyokosa ni kuirudisha ile mahakama.

Hadithi

Mtoto mdogo, wa miaka mitatu hadi saba, mpe hadithi kabla ya kingine chochote. Kwa mia tano, ningengoja siku mbili tatu zipite ndipo nisimulie habari za Zakayo, Luka 19: mfupi, kapanda mkuyu, Yesu kamwita kwa jina na kwenda kushinda nyumbani kwake, na alipokwisha kupokelewa ndipo mwenyewe, bila kuagizwa, anasema aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Usiseme "kama wewe na Mangi". Mtoto atapiga hesabu mwenyewe: mia tano mara nne ni elfu mbili. Akikuuliza itakuwaje asiye na elfu mbili, mna maongezi ya jioni nzima.

Ngano zetu nazo zina nafasi, ila uzitazame kwanza. Sungura tunayemsimulia kwa furaha hushinda kwa hila. Fisi hupata hasara kwa uroho, lakini sungura mwongo mara nyingi huondoka anacheka. Mimi siziachi. Namaliza kusimulia kisha nauliza, "Ungependa sungura awe rafiki yako? Ungempa hela yako akutunzie?" Watoto hugawanyika, wanabishana vizuri sana, na wengine wanamtetea sungura kwa hoja ngumu kwamba mdogo hana silaha nyingine mbele ya simba. Haki na ukweli vimegongana, na wao ndio wanaovipatanisha. Kwa kipimo cha nani anaongea, hadithi na sinia la mchicha zinakwenda sare.

Udhaifu wa hadithi uko kwa msimulizi anayebandika funzo mwishoni. Ukishasema "hadithi hii inatufundisha", watoto wameshaondoka.

Sasa uchague

Umri wa watoto na saa zako za kazi viamue mengi. Wadogo tu nyumbani: hadithi kitandani na sala, ibada rasmi isubiri. Mchanganyiko wa umri, na wazazi wote wapo jioni: ibada ya dakika kumi iwe nguzo, mengine yazunguke. Mzazi wa zamu, nesi au mlinzi au dereva wa masafa, asijilaumu kwa kukosa ibada ya kila siku. Achague jioni moja ya wiki aitunze kama Wasabato wanavyoitunza Ijumaa, na siku nyingine ategemee njiani. Kama watoto wanalelewa na bibi, muachie bibi hadithi, maana hapo humwezi. Lakini kubalianeni juu ya fimbo, kwa sababu lile swali la mchicha halitaulizwa kwenye nyumba ambayo ukweli unachapwa.

Watoto wengi? Susanna Wesley wa Epworth, Uingereza, alizaa watoto 19 na kumi wakakua. Alijipangia jioni ya kila siku ya wiki kwa mtoto wake, mmoja mmoja, kuzungumza naye mambo ya roho. Ya Alhamisi ilikuwa ya John, aliyekuja kuanzisha Umethodisti pamoja na ndugu yake Charles. Alipokuwa mtu mzima John alimwandikia mama yake akitamani sehemu ya Alhamisi ile. Ratiba hiyo inawezekana hata kwenye chumba na sebule: Jumatatu huyu anasindikiza kuchota maji, Jumanne yule anakaa jikoni. Ukiwa na watoto watano, mtoto wa katikati ndiye atakayekushukuru.

Ukiniuliza ya kuchagua moja tu, nachukua ya njiani, na naongeza sala fupi ya usiku ili jina la Yesu lisipotee katikati ya adabu. Najua wachungaji wangu wangechagua ibada. Wana hoja: mazungumzo ya njiani hufa mzazi akichoka, ibada hubebwa na mazoea. Lakini nimewaona vijana waliotoka kwenye nyumba za ibada ndefu wasioweza kumwambia baba yao jambo moja la kweli.

Kwa vijana kuanzia kidato cha kwanza, katekisimu na ibada viendelee, ila wao waongoze, na uwe tayari kwa maswali yasiyopendeza: kwa nini mzee fulani wa kanisa anasimama mbele na kila mtu anajua anavyowatesa wafanyakazi wake, kwa nini michango haisomwi mapato na matumizi. Ukiyazima kwa "usiwaseme watumishi wa Mungu", umefunga mlango wa haki na ukweli kwa pamoja. Jibu unachokijua.

Waliopo bweni ni suala gumu zaidi, maana wewe hupo njiani pao kwa miezi. Hapo katekisimu na mafungu waliyoyashika kwa moyo ndiyo yanayosafiri nao, na hii ndiyo sababu sitaki mtu aidharau. Shule nyingi huruhusu simu kwa dakika chache tu mwishoni mwa wiki. Zisiishie kwenye "umekula, unasoma, hela imefika". Muulize swali moja la mtu mwingine: nani bwenini hana sabuni wiki hii, nani amegombana na nani, yeye alisimama wapi. Siku ya wazazi kuwatembelea wanafunzi, beba chakula kinachomtosha na rafiki mmoja, na mwachie yeye achague nani wa kumkaribisha kwenye mkeka.